Majani ya Mpera wa Mama

Mpera wa mama umesimama nyuma ya zizi, juu kwenye mteremko wa Meru, upande wa kwenda Momela. Mama ana kisukari. Kwa miaka mingi alikuwa akimeza vidonge vya hospitali, kisha anachemsha majani ya mpera huo na kuyanywa, nami nikimcheka. Baadaye nikaenda kusomea mimea ya dawa. Nilipotakiwa kuchagua jani la kupima maabara, nilimrudia nimefyata mkia.

Alinichumia mfuko mzima. Nikayaanika juani nyumbani kwangu Lemara, juu ya bati, maana mimi na subira hatujawahi kukaa nyumba moja. Maabarani hayakuonyesha lolote la maana. Nikampigia mama kulalamika.

"Umeyaanika wapi?"

"Juani, mama."

"Juani! Sasa huko umesomea nini? Majani ya dawa yanaanikwa kivulini. Njoo uchume mengine."

Haya mengine yalikaukia kwenye magazeti, chini ya kitanda changu.

Kipimo chenyewe kinaanza na maji ya zambarau. Ukiyatilia kitu chenye antioksidanti, vitu vinavyouzuia mwili kuharibika taratibu kama chuma kinavyoliwa na kutu, rangi inafifia. Nikadondosha matone ya majani ya mama. Zambarau ikafifia, ikafifia, ikawa njano ya chai ya mchaichai! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nikarudia. Njano! Kipimo cha pili, cha kuona kama majani yanachelewesha wanga kugeuka sukari, nacho kikakubali. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu. Koti jeupe sijalivua, nikapiga simu.

"Mama, dawa yako inafanya kazi!"

Nilisema hivyo tu, sikuongeza hata neno.

Baada ya wiki mbili nilipanda kwenda kumwonyesha majibu. Mpera ulikuwa umebaki na majani ya kileleni tu. Kina mama wa kwaya yake, aliowapa habari njema, walikuwa wamemaliza yote ya chini. Mama alikuwa amekonda. Shikamoo yangu aliiitikia kwa sauti kavu, kikombe cha maji mkononi. Nikafungua kabati. Vidonge vyake vilikuwa pale pale, havijaguswa.

"Mama, humezi?"

"Nimeze vya nini? Si ulisema dawa yangu inafanya kazi?"

Nilimtoboa kidole kwa kile kijimashine chake cha kupimia sukari. Ilisoma kumi na tisa, wakati haitakiwi kupita kumi. Saa hiyo hiyo tukashuka hospitali, na njia nzima nilijilaani.

Siku ya pili wodini alipata nafuu, akaketi kitandani.

"Hebu niambie. Hiyo dawa yangu ulimpa mgonjwa gani?"

"Hakuna mgonjwa, mama. Ilikuwa kwenye chupa."



"Basi chupa imepona," akasema, akanyoosha mkono nimpe vidonge.