Kioo cha Giza cha Nyahanga

Haijanitoka akilini siku niliyopeleka madirisha ya alumini kwa mama yangu, kule Nyahanga, Kahama. Mwanangu, umenitumia picha za madirisha unayotaka kumwekea bibi yako mzaa mama. Nimeziangalia, nikachoka. Acha nikusimulie.

Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka machimboni na kiburi changu. Nyumba ya mama ilikuwa na madirisha ya mbao, asubuhi aliyafungua yote, majirani wakipita wakimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!" Mimi nikayaona ya kishamba. Nikachagua vioo vya giza, vile ambavyo aliye ndani anaona nje, aliye nje anajiona mwenyewe.

Mama akauliza, "Sasa watu watanionaje?"

"Wakuone wa nini? Utawaona wewe, yatosha."

Akanyamaza. Ukimya wa mzazi, mwanangu, usiudhanie kuwa ni ridhaa. Fundi naye alinishauri niache hata dirisha moja la kioo cheupe. Nikamwambia afanye kazi yake.

Vumbi la Kahama unalijua. Halikuchukua muda, likajaa kwenye reli ambamo vioo huteleza, madirisha yakawa magumu kusukuma. Mama akayaacha yamefungwa. Basi asubuhi moja akateleza sebuleni, nyonga ikavunjika. Alikuwa peke yake.

Nilipofika hospitali, jirani yetu Mama Kulwa alikuwa mlangoni, analia.

"Nilipita pale asubuhi, baba. Nilijiona kwenye kioo, nikatengeneza kilemba changu, nikaenda zangu."

Ni alasiri, alipompelekea mama mboga na kubisha hodi, ndipo aliposikia mtu akiguna.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, kwa sauti iliyokauka, "Nilikuwa namwona. Nilimwita sana."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, ila guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe. Hakutembea tena. Niling'oa vile vioo kwa mikono yangu, nikarudisha mbao, nikasogeza kitanda chake dirishani. Majirani wakarudi kumsalimia, naye akaitika mpaka Mungu alipomchukua. Watu walinisifu kwa kumtunza. Sifa hizo zilinielemea, na hadi leo sijazitua.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujamwita fundi, nenda ukakae na bibi yako siku nzima. Tazama anakaa wapi, upepo unamfikia kutoka upande gani, nani humwita anapopita. Mwache asukume dirisha kwa mkono wake mwenyewe. Likimshinda, halimfai, hata liwe zuri namna gani. Weka nondo, weka wavu wa mbu, lakini usimfiche asionwe na watu wake. Na akikuuliza swali, lijibu kama swali la mtu mzima.

Mungu akuongoze, ng'wana wane, mwanangu wee. Nyumba utakayoitengeneza isikose wa kuipigia hodi, na anayeita ndani yake asikose wa kumsikia.