Mafungu ya Shamba la Baba

Baba alipofariki, shamba letu nje ya Muheza lilibaki la watu wawili, mimi na dada yangu mkubwa. Shekhe alitupa hesabu ya mirathi, mafungu mawili kwangu na moja kwake, akatusisitizia tutazame thamani ya ardhi, si ukubwa tu. Kukata mipaka nikaachiwa mimi, kwa kuwa nafundisha jiografia na, nikisema kweli, kwa kuwa nilijigamba.

Nilikuja na ramani ya mistari ya kontua. Juu kilimani mistari ilibanana kama ukili wa mkeka. Mteremko mkali huo, udongo haukai. Chini iliachana, na kijito cha buluu kikapita katikati. Hapo ndipo maji yanapopunguza mwendo na kubwaga udongo mweusi. Nawafundisha watoto wa watu jambo hilo kila mwaka. Basi nikachukua bonde, nikampa dada kilima.

Bonde hilo alikuwa akililima mpunga yeye, tangu mimi niko shule. Siku ya kupima alinifuata nyuma huku nahesabu hatua kwa sauti. Nikamwonyesha karatasi, nikamwambia kipimo kimetimia.

"Hatua ziko sawa, mdogo wangu," alisema. "Maji je?"

Nilimjibu kwamba maji hayarithiwi. Hata kuliandika neno hilo naona haya.

Akapanda mihogo. Masika yakaja, akapiga matuta, yakabomoka, akayapiga tena. Mpunga wangu ukastawi, watu wakanisifu kwa ukulima, nami nikakubali sifa. Kila nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba kwa upole uleule wa zamani, na upole huo uliniuma kuliko tusi.

Miaka ikaenda hivyo. Masika yaliyopita nilipanda kilimani peke yangu, nikaikuta mihogo yake mizizi nje, juu ya changarawe nyekundu. Udongo uliokuwa pale niliujua ulipo. Nilikuwa nimeulima.

Nikaenda kwake moja kwa moja. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele wa dukani. Nikamwomba radhi, nikamsihi tugawane upya, bonde alichukue yeye.

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Radhi nimekupa," alisema. "Shamba langu limeshashuka kwako lote, na magoti yangu hayawezi tena kulifuata huko."