Fundi wa Nkuhungu Alivyoyapunguza Makadirio Yangu

Mwaka ule nilikuwa nimeacha kazi ya kuajiriwa, nimepanga chumba mtaa wa Makole, najiita mtengenezaji wa mifumo ya kompyuta. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mama mmoja fundi wa Nkuhungu, mwenye vyerehani vinane, aliyeshonea shule kadhaa sare, za mjini hadi za kijijini Mvumi. Vipimo vya watoto aliviandika kwenye madaftari, na kila shule zilipokaribia kufunguliwa daftari moja lilipotea. Alitaka mfumo wa mtandaoni: mwalimu aingize vipimo akiwa hukohuko shuleni, fundi avione palepale.

Nikaandika makadirio. Niseme ukweli, niliyajaza upepo. Nilijua watu wetu huomba kupunguziwa hata bei ya chumvi, basi nikaongeza cha kupunguza. Nikaweka "uchambuzi wa mahitaji", wiki mbili, na "majaribio", wiki moja. Nikaweka "dharura, asilimia ishirini", bila kujua dharura yenyewe ni ipi. Jumla ikafika milioni sita. Gharama za kila mwaka za kuuweka mfumo hewani sikuziandika kabisa, asije akashtuka. Nikampelekea karatasi pale anaposhonea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa." Akasoma makadirio, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Uchambuzi wa mahitaji ndiyo nini?"

"Ni kukaa na wewe, mama, nikuulize unataka nini."

"Yaani nakulipa ili nikwambie ninachotaka?"

Vyerehani vyote vilinyamaza. Mafundi walitaka kusikia. Nikatoa maneno makubwa ya chuoni, mengine hata mimi sikuyaelewa vizuri. Mama akatikisa kichwa kwa upole na kuniomba nimwachie karatasi.

Kosa langu ni kwamba siku hiyohiyo nilimpa kazi ya kunishonea suti, maana dada yangu alikuwa anaolewa. Nikasema koti liwe na vifungo vitatu. Kesho yake nikapiga simu: viwe viwili.

Baada ya wiki nikaenda kuichukua suti. Juu yake kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa kunyooka, kila mstari na bei yake:

Uchambuzi wa mahitaji, kumuuliza mteja anataka suti gani.
Usanifu wa koti.
Usanifu wa suruali.
Mabadiliko ya mahitaji, kifungo kimoja.
Majaribio, mteja kujitazama kwenye kioo.
Dharura asilimia ishirini, endapo mteja atanenepa.

Jumla ingenunua ng'ombe na ndama wake.

"Mama, hii si suti tu?"

"Na ule si mfumo tu?"

Fundi mmoja alicheka mpaka akaangukia robota la vitambaa. Mimi nilitafuta pa kuficha uso, kisha nikacheka nao. Suti nikailipia kwa bei ya kawaida, tukakaa kuzungumza kama watu wazima.

Mama akakunjua karatasi za kaki, zile za kukatia vitambaa. Alikuwa amechora kurasa zote za mfumo kwa penseli: ya mwalimu, ya fundi, ya sare zilizokwisha. Zilikuwa nzuri kuliko ambavyo ningechora mimi. Mstari wa uchambuzi ukafutwa. Sehemu ya wazazi kulipia sare kwa simu, akasema isubiri.

"Cherehani nikinunua, kinataka mafuta na sindano. Hiki chako kikishaanza, kinakula nini?"

Nikamtajia yote niliyoficha.

"Mbona hukuandika?"

"Niliogopa utakimbia, mama."

"Ningekimbia mwakani, kikizima."

Tukaandika. Tukashuka hadi milioni tatu na nusu, gharama za mwaka zikiwa mstari wake. Nami, kwa kutaka kuonekana mkarimu, nikafuta wiki ya majaribio. Mama alinitazama, hakusema neno.

Januari mfumo ukaanza. Siku ya tatu akanipigia: "Njoo uone watoto wako." Mezani kulikuwa na suruali kumi na mbili, pana kama magunia, fupi kama kaptula. Nilikuwa nimebadilisha nafasi za vipimo kwenye mfumo: kiuno kimeingia kwenye urefu, urefu kwenye kiuno. Fundi aliyezishona alikuwa mgeni kazini, akafuata karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo. "Karatasi imesema," alijitetea, na kweli ilisema.

Nikataka kulipia kitambaa. Mama akakataa. "Tugawane. Wewe ulikata majaribio, mimi nilikuona nikanyamaza kwa sababu bei ilinifurahisha." Kisha akachukua mkasi, akazifumua, na ilipofika jioni zilikuwa kaptula za darasa la kwanza. Mimi nilikaa pembeni narekebisha mfumo, mafundi wakiniuliza kila baada ya dakika tano kama kiuno changu kiko mahali pake.

Mwezi wa tatu akaniita kwa ajili ya yale malipo ya simu. Safari hii aliandika makadirio yeye, akanipa nipunguze. Sikupunguza kitu, niliongeza majaribio, wiki nzima. Akauliza kama wiki moja inatosha.