Trei za Vinili na Mafuta ya Papa

Karakana yetu ya Mbegani ilikuwa na madirisha sita, na yote yalifungwa mchana kutwa. Upepo wa bahari ukiingia, unga wa vinili, ile plastiki ya kuvisha chuma, huruka wote ukutani. Basi tulipikika humo pamoja na chuma, koo zikiwasha kwa moshi, miaka ile ya mwanzo wa sabini, mimi nikiwa binti pekee kati ya mafundi.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Unasugua trei ya waya kwa msasa, unaipaka dawa ya kushikia unga, unaiingiza tanurini mpaka ishike moto sawasawa, kisha unaichovya kwenye sanduku la unga. Hewa hupulizwa kutoka chini, unga ukachemka kama uji. Unga ukigusa chuma cha moto unayeyuka, na trei inatoka imevaa ngozi laini ya kijani. Ngozi hiyo ukiikunja haipasuki, chumvi haiiwezi, wala haiwakwaruzi wauza samaki mikono. Adui yake ni moto tu. Ukiiweka karibu na jiko inalegea.

Lakini mimi nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ualimu, na chuo kisingenipokea bila barua ya mwajiri ya kuniachia. Fundi mkuu, mtu wa bara, mpole kiasi kwamba hata kumkasirikia ni kazi, alinipa sharti moja.

"Trei hizi ishirini ni zako, binti. Zikikaa baharini mwezi mzima bila kutu, barua utaipata."

Nilizisugua mpaka vidole vikachubuka. Ijumaa tukafunga mapema kwa ajili ya sala, kurudi mpaka Jumatatu. Chuma kilichosuguliwa, hewa ya pwani inakila kwa usiku mmoja. Nikafanya tufanyavyo nyumbani kwa kila bawaba, komeo na panga: nikazipaka mafuta ya papa. Jumatatu nikazifuta kwa kitambaa, nikaona zinang'aa, nikaendelea na dawa na tanuri. Nani angenifundisha kukiogopa kitu alichokiamini bibi yangu?

Mwezi haukuisha. Wiki ya pili tulipozitoa majini, ngozi ilivuka kama soksi, na ndani kutu tupu. Fundi mkuu akaamua kwamba unga ni mbovu, akaanza kuandika barua ya kuurudisha wote. Siku ya tatu aibu ikanizidi, nikamfuata.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti."

"Unga hauna kosa. Nilikipaka chuma mafuta ya papa."

Akaweka kalamu chini. Nilingoja matusi, yeye akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kumbe! Kwenye mafuta dawa haishiki! Mwaka mzima vyuma wanavyotuletea watu wa huku vinavuka ngozi, sijui kwa nini. Vyote vimepakwa mafuta hayo?"

"Vyote, fundi. Nani ataacha chuma kikavu huku kwetu?"

"Basi kuanzia leo wewe ndiye utakayenikagulia vyuma."

Nilitaka kumchukia, lakini alikuwa akinisifu. Ingawa trei zilishindwa, barua aliiandika kweli, siku ile ile, nakala chuoni. Nilimsomea mama ukumbini. Ilianza na uaminifu wangu, ikafuata ujuzi wangu wa chuma, ambao karakana nzima hakuna mwingine aliye nao. Hapo mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaingia, nami sikuwa na moyo wa kumsomea mstari wa mwisho, uliosema kwamba kwa sababu hiyo siwezi kuachiliwa.