Meno Sita ya Katekista wa Asumbi

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya bima, baada ya miaka mingi ya kutibu meno hospitalini, Meneja wa Madai alinisukumia faili tatu. "Daktari, hapa hatutibu. Hapa tunashuku." Zilikuwa za abiria watatu kutoka Masara waliodai kuvunjika meno ajalini, na wote walileta picha ile ile ya eksirei. Kinywa kimoja, wenyewe watatu! Baadaye mtu wa Homa Bay akaniletea jino lake kwenye kitambaa. Lilikuwa la mbuzi. Lakini nyinyi mnaoingia kazi hii mjue, wadanganyifu walinichosha, wakubwa wangu wakanichosha zaidi.

Chukueni kisa cha katekista mmoja mstaafu wa Asumbi. Pikipiki aliyopanda iligongwa na gari, akapoteza meno sita ya mbele, ya chini. Kabla hata sijamwona, Mkurugenzi wa Madai alinipigia simu kutoka Nairobi.

"Daktari, Mjaluo wa umri huo, meno sita ya chini? Hiyo si ajali, ni mila. Andika fraud, tumpeleke polisi."

Ni kweli, zamani Wajaluo waliwang'oa vijana meno hayo hayo kuwa alama ya utu uzima. Hata mimi, Mkuria wa Kegonga, nilijua. Lakini tangu lini kinywa kikachunguzwa kwa simu?

Mzee alikuja kwangu na hasira, tuhuma ameshazisikia. "Nyara," akaniita, yaani binti yangu, "siku ya kung'olewa nilitorokea misheni. Rika langu linaniita mwoga mpaka leo. Nimeyabeba meno haya na aibu yake maisha yangu yote, sasa nyinyi mnaniita mwizi?"

Nilimpiga eksirei. Jino liking'oka huacha shimo kwenye taya, na mfupa hulijaza polepole. Kwa aliyeng'olewa ujanani, shimo lilishafutika zamani. Mashimo ya mzee yalikuwa wazi, na mzizi mmoja uliovunjika ulikuwa bado ndani. Nikaandika hivyo. Mkurugenzi akauliza kama nina hakika. Akauliza tena. Nikamwambia aje Asumbi atie kidole mwenyewe! Ndipo wakalipa, mzee akatengenezewa meno ya bandia.

Nilipokwisha kustaafu, nilimkuta mzee matangani, ameketi katikati ya wazee wa rika lake, pengo wazi.

"Mzee, meno ya bandia yako wapi? Nimegombana na watu mpaka nikapata presha!"

"Yako nyumbani kwa glasi. Usikasirike, nyara. Hawa wanajua ni pikipiki." Akapapasa kiti chake. "Lakini nikikuja hivi, wananiita nikae nao."