Kibonge cha Shimo la Saba

Siku hizo Télesphore alikuwa akiamka anaenda dirishani kuchungulia bakuli la plastiki kabla hata ya kunawa uso. Mke wake, Médiatrice, alishachoka kumcheka. Miaka thelathini ya ndoa, na mwanamume huyu hajawahi kumtazama yeye hivyo asubuhi!

Lakini mtu utamlaumuje? Mwezi wa pili mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda, na uwanja wa gofu anaoutunza kila mwaka kuanzia Aprili ukalala chini ya barafu. Barafu ikikaa sana, nyasi hukosa pumzi zikafa. Kisha Machi ikaja na ukorofi wake, leo jua la kuvua koti, kesho baridi ya kukata masikio. Barafu ilipoyeyuka, kijito kilifurika, na mabata bukini wakarudi na makelele yao, wakawa wanafukua kila palipo laini. Kwenye shimo la saba nyasi zilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Bwana Vernon, msimamizi wa uwanja, ni Mgoa mzaliwa wa Nairobi ambaye Kiswahili hakijamtoka. Alikata kibonge cha udongo na nyasi zake pale pa saba, akakitia bakulini na kumpa Télesphore akiweke nyumbani kwake, mtaa wa Don Mills, kwenye dirisha lenye jua. Pa saba ndipo palipoumia zaidi. Kibonge kikichipua, uwanja mzima umepona na vibarua wote wanne wanaitwa kazini. Kisipochipua, hawataitwa hadi Juni, na Juni ni mbali kwa mtu mwenye familia.

Siku ya tisa, Alhamisi, akaona vidoti vya kijani. Miwani hakuitafuta, furaha ilimzidi. Alimpigia Vernon hapo hapo, akamwambia nyasi zimeamka. Vernon alimshukuru Mungu, akafuta oda ya mbegu za nyasi aliyokuwa ameiweka, kisha akawapigia vibarua wote waje Jumatatu.

Jumamosi Télesphore alivaa miwani. Majani yalikuwa mapana, mawili mawili, na vikonyo vyekundu. Nyasi gani hizi? Mtu aliyelelewa Uvira hahitaji kuambiwa lenga-lenga, mchicha wa kwao, ukoje.

Médiatrice hakuona ajabu yoyote. Kila Aprili huotesha lenga-lenga dirishani, na safari hii mbegu zilibaki, akazimwaga bakulini.

"Baba Nicole, ule udongo ulikuwa umekaa bure," alisema. "Majani yake yalishakufa."

Télesphore akachokonoa udongo kwa kidole. Chini, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka uozo.

Angeweza kunyamaza, na wazo hilo lilimjia, tusimfanye malaika. Lakini bila mbegu pa saba pangebaki kipara, na kila aliyepita angeuliza nani alisema pamepona. Aliogopa kusema, akaogopa kutosema. Jumapili kanisani hakusikia neno hata moja la mahubiri. Baada ya ibada alijifungia garini, akapiga simu.

Alimweleza Vernon yote, kuanzia lenga-lenga hadi mizizi iliyooza.

"Asante kwa kuniambia, mzee," alisema Vernon. "Naagiza mbegu leo. Kupanda kunataka mtu mmoja, basi njoo wewe. Wenzako watatu uwaambie mwenyewe wasije, maana niliwaita kwa neno lako."

Alianza na Destin, baba wa watoto watatu, anayebeba mizigo kwenye ghala moja huko Malton. Destin hakumpa hata nafasi ya salamu. Alicheka, akasimulia jinsi jana alivyoacha kazi ghalani, akawarudishia kitambulisho chao na viatu vyao vyenye ncha za chuma, akawaaga wote mmoja mmoja.

"Papa Télesphore, kesho tunaanza saa ngapi?"

Télesphore alifumba macho.

"Destin, rudi ghalani sasa hivi," alisema. "Rudi, kabla hawajampa mtu nafasi yako."