Somo la Jumapili katika karakana ya makochi

Mama Makochi amebana misumari midogo kati ya midomo, nyundo mkononi, na Maandiko yako wazi juu ya sponji mbele yake. Anasoma sentensi moja kwa sauti, anagonga msumari, anasoma nyingine.

"Tema misumari kwanza, mama," anasema mzee aliyeketi kwenye kochi lisilo na kitambaa. "Nabii hakuwa na kigugumizi."

"Na wewe shika hapo, baba, nivute."

Mzee, baba yake mzazi, anakamata ukingo wa kitambaa kwa mikono miwili na kuyarudia maneno ya nabii, huku binti yake akivuta hadi mkunjo wa mwisho unapotea.

Ndivyo asubuhi zinavyoanza siku hizi katika chumba hiki chenye mlango wa bati na harufu ya gundi. Kabla ya hapo, wawili hawa walikuwa wakitumiana salamu kupitia kwa watu.

Mama Makochi, mama wa watoto wawili, alifundishwa kazi hii na marehemu mumewe.

"Wateja walikuwa wanaingia wananiuliza fundi yuko wapi," anasema. "Nawaambia ametoka, kaeni mngoje. Wakichoka kungoja, wanakuta kiti kimeisha."

Mwezi mzuri anamaliza seti tatu. Mwezi mbaya anashinda akishona mito tu.

Mumewe alipougua, kanisa zima lilifunga na kuomba. Aliyeongoza maombi ni baba yake, msomaji wa Maandiko kanisani hapo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mgonjwa hakupona. Siku ya maziko, mzee alimwambia binti yake anyamaze, Mungu hakosei.

"Nilimhitaji baba, akanijia msomaji," anasema, akilainisha kitambaa kwa kiganja.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani, wala nyumbani kwa baba yake. Miaka ikapita.

Kisha asubuhi moja mzee akatokea karakanani na mto wa kiti kwapani, akisema umeharibika.

"Niliugeuza huku na huku nikitafuta palipochanika. Mto mzima kabisa. Alipogeuka kutoka nikamwona anapapasa kizingiti kwa mguu. Hapo nikaelewa. Baba haoni."

Mzee bado alikuwa akiuona mwanga na vivuli vya watu, lakini herufi zilikuwa zimemtoka. Alikuwa hajamwambia mtu, maana wazee wa kanisa wakijua, somo angepewa mwingine.

"Nikinyang'anywa kusoma nitabaki nyumbani natazama dari, tena dari lenyewe silioni," anasema. "Nikafikiri, nani anaweza kunisomea na asiseme? Nikamkumbuka huyu. Haongei na mtu yeyote wa kanisani."

"Kwa hiyo hasira yangu ilikufaa," binti anadakia, na wote wawili wanacheka.

Alikubali kwa sharti moja, asihubiriwe. Yeye akawa anasoma, mzee anameza maneno kichwani. Jumapili anasimama, anafungua kitabu, anafunua kurasa kwa wakati wake, na hakuna anayeshtuka.

Katikati ya masomo yakaingia mazungumzo mengine: wajukuu, bei ya kitambaa, magoti yanayouma. Siku moja mzee akauliza mkwewe alimfundishaje kushika nyundo. Binti akamwonyesha.

"Akaniambia, 'Mwanangu, hata mimi nilimwomba Mungu amponye. Hata mimi sikuelewa.' Maneno hayo tu. Siku ile sikugonga msumari hata mmoja."

Siri yao ilifichuka mwezi uliopita. Mzee alikuwa katikati ya unabii, sauti imepanda, kanisa limetulia, akatamka kwa heshima zote, "Shika hapo, baba, nivute."

Benchi la mbele likaitikia amina.

"Tena amina nzito," anasema mzee.

Akafunga kitabu. "Ndugu zangu, mimi sioni. Hilo la mwisho si la nabii, ni la binti yangu."

Habari zilipomfikia Mama Makochi, aliacha kochi vipandevipande, akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Alimkuta sebuleni, bado kavaa suti ya ibada, akisubiri uamuzi wa wazee.

Wazee waliamua aendelee, ila asimame na mtu wa kumkumbusha. Wakampa kijana wa kwaya. Mzee akakataa, akasema amezoea sauti moja, na kama haipo atakaa chini.

"Hakuniomba," anasema binti. "Angeniomba, ningekataa."

Jumapili hii watasimama pamoja. Hasemi kwamba yamekwisha kati yake na Mungu. "Maswali bado ninayo. Ila kuna siku baba akishaondoka, najikuta naendelea kusoma peke yangu."

Ameshamwambia mteja wa Jumamosi kwamba seti yake itachelewa. Gauni limepigwa pasi. Kinachomtia hofu ni kusimama mahali lilipowekwa jeneza la mumewe.

"Na nikilia pale mbele, baba?"

Mzee anapapasa hewani mpaka anaupata mkono wake.

"Lia tu, mama. Nitangoja, na kanisa litangoja. Ukimaliza, tutasoma."